Chumba Chenye Alama

Harufu ilianza mchana kweupe, mwezi wa Februari, wakati Ziwa Minnawa limeganda kiasi cha watu kuendesha magari juu yake. Ilikuwa harufu ya maji ya kiangazi: majani yaliyooza, samaki, mbao mbichi za gati. Arlys aliingia sebuleni ameziba pua.

"Dada, umeniletea nini tena humu ndani?"

"Sijaleta kitu."

"Ni hizo postikadi zako za wafu. Zinanuka kama wenyewe."

LaVonne, dada yake mkubwa, aliendelea kupanga postikadi zake. Wajane hawa, ndugu wa tumbo moja, waliishi pamoja katika nyumba ya baba yao, na mji mzima ulijua kuwa hawapikiki chungu kimoja. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa albamu. LaVonne alikuwa amekusanya postikadi za ziwa lile karibu maisha yake yote: mahoteli, mitumbwi, mabibi wenye kofia kubwa wanaoogopa kulowa. Albamu zilijaza kabati, zikamfukuza Arlys kwenye chumba chake cha kushonea. Mtu ana mdogo wake mmoja tu duniani, halafu anambania nafasi kwa ajili ya makaratasi! Lakini ndivyo alivyokuwa.

Wiki hiyo, kwenye soko la vitu vya kale katika ukumbi wa kanisa, LaVonne alikuwa ameipata kadi aliyoisaka miaka nenda rudi: Hoteli Oakmere, kabla haijabomolewa. Ilikuwa na dosari moja. Juu ya dirisha la ghorofa ya tatu palichorwa X kwa penseli ya bluu. Wageni wa zamani walikuwa na mtindo huo. Wanatia alama, kisha wanawaandikia jamaa zao kwamba hapa ndipo tunapolala. Wakusanyaji hawazipendi hata kidogo alama hizo. LaVonne alifika nyumbani, hata koti hajavua, akachukua raba laini akaisugua ile X mpaka ikafutika. Alifurahi mno.

Pazia la dirisha lile, kwenye kadi, lilikuwa limefungwa. Kesho yake lilikuwa wazi. Akajiambia macho yamezeeka.

Kisha Arlys akaanza kuamka na nywele zilizolowa.

"Usiniite tena usingizini," alimwambia dada yake asubuhi moja, midomo imemgeuka rangi. "Unaniita, nikija mlangoni hupo."

"Mimi? Nikuite nina shida gani na wewe?"

"Sauti ni yako, dada. Nakuapia."

LaVonne alimtupia taulo akaushe nywele. Jioni ile, akiwa amesimama na sahani mkononi, alisikia nyayo zilizolowa maji zikishuka ngazi, taratibu, kama za mtu ambaye hana haraka kwa sababu anajua hakuna mahali pa kumkimbia, zikapita nyuma ya mgongo wake zikiacha baridi iliyompanda mpaka kisogoni, zikaingia chumbani alikokuwa amelala Arlys, na kitanda kikalia kwa uzito wa mtu wa pili. Hofu ilimshika LaVonne, hofu tupu. Akampigia simu Delbert Kranz, mzee aliyemuuzia kadi.

"Mzee Delbert, ile Oakmere uliitoa wapi?"

"Kwani ina nini?"

"Ilikuwa na alama. Nimeifuta."

Sauti ya Delbert ikashuka. "Mungu wangu. Ile waliitia wenye hoteli wenyewe. Mle chumbani palikuwa na jini, Bi LaVonne. Wageni walikutwa wamekufa maji juu ya mashuka makavu. Akaletwa bibi mmoja wa Kinorwe, mganga, akamfungia mle kwa alama hiyo. Hoteli ikabomolewa, chumba kikabaki kwenye kadi."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungenunua?"

"Mshenzi wewe."

"Nitukane baadaye. Sikiliza. Anaitika kengele ya chakula cha jioni, kama wageni wote wa hoteli zile. Piga kengele, tazama dirisha. Pazia likifungwa, chora ile X tena. Lakini mtoe kwanza mdogo wako hapo nyumbani. Jini akishamzoea mtu, anaondoka naye."

LaVonne alikata simu, akatafakari. Kumtoa Arlys ni kumweleza, na kumweleza ni kuiona kadi ikitupwa kwenye jiko la kuni, maana Arlys hangesita. Kadi kama ile hapakuwa na nyingine. Akaona mlango ukifungwa kwa ufunguo inatosha. Akamfungia Arlys chumbani, amelala, akauweka ufunguo mfukoni.

Saa ya kula ilipofika aliiweka kadi mezani, akapiga kengele ya chakula. Nyayo zilikuja, nzito, kama za mtu anayekokota kitu. Zikapita mezani. Kwenye kadi pazia likatikisika, likafungwa. LaVonne akachora X upesi, na si kwa penseli: alitumia kalamu ya wino mweusi usiofutika, ili asitokee mjinga mwingine akaisugua.

Harufu ikakatika papo hapo. Nyumba ikarudi kunukia kuni na mkate. LaVonne akacheka peke yake, machozi yakimtoka.

"Arlys! Amka tule, mdogo wangu!"

Hakuitikiwa. Ufunguo ulizunguka vizuri kwenye kitasa. Kitanda kilikuwa kitupu na mashuka makavu.

Alirudi mezani akijigonga kwenye viti, akachukua lenzi yake ya kukuzia picha. Pazia lilikuwa wazi. Arlys alisimama dirishani na sweta yake ya njano, rangi pekee katika picha nzima, viganja vyote viwili kwenye kioo, nywele zikielea juu kama za mtu aliye chini ya maji. Mkono mrefu ulikuwa umemzunguka shingoni kutoka nyuma.

"Nisamehe, Arlys, nisamehe," LaVonne alilia, huku akisugua wino kwa raba kwa nguvu zake zote. Wino haukutoka. Kilichotoka ni karatasi, na kwenye dirisha vidole viwili vya Arlys vikatoweka pamoja nayo.

LaVonne aliacha kusugua. Akatazama tena kwa lenzi. Arlys alikuwa akimwangalia yeye, na midomo yake ilikuwa ikirudia maneno yale yale, polepole, ili dada yake ayasome: futa, dada, nifute.

LaVonne akainuka, akaitupa raba motoni, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari kutii.