Minyaa ya Ndani ya Ziwa

Ukoko wa chumvi ulipasuka, Baltazar akazama hadi kiunoni, bunduki kaishikilia juu.

"Usipige mateke!" Marieta alimpigia kelele. "Lalia kifua, kaka. Lala!"

Baltazar alikuwa mtu wa Babati. Alikodi shamba la Mzee Akonaay, baba yake Marieta, msimu mzima, awinde bata kando ya Ziwa Balangida. Karatasi ilisema shamba linaishia kwenye minyaa ya mwisho, ile miti ya utomvu inayopandwa kuwa ua. Haikusema kwamba ule mwaka wa ukame, maji yalipokimbia, Mzee aliyafuata, akapanda ua mbele, tena mbele, kama majirani wote. Marieta ndiye aliyebeba vipandikizi. Asubuhi hii baba alimwambia, "Mpeleke mpaka mwisho, asije akasema tumempunja." Akampeleka. Hakumwambia kwamba pale ni ziwani.

Sasa mvua ilishafunika mlima Hanang wote, na korongo lilikuwa linanguruma. Maji yakifika, tope lile litakuwa uji.

Marieta alitambaa hadi kwenye ua, akakata matawi kwa panga. Hakupata muda wa kugeuza uso. Utomvu mweupe ulimrukia macho yote mawili, yakawaka kama yametiwa kaa la moto. Aliendelea kukata kwa kupapasa, akatandika matawi juu ya tope, akajilaza juu yake.

"Umetoa risasi?"

"Nimetoa."

"Nipe kitako cha bunduki."

Akavuta. Baltazar akavutika taratibu, tope likabaki na buti zake.

"Dada, macho yako!"

"Maji yamebaki?"

"Nusu chupa."

"Nimwagie yote."

"Na kunywa je?"

"Mvua hiyo inakuja. Utakunywa mpaka uikimbie."

Alimwagia hadi tone la mwisho. "Unaona?"

"Mwanga tu. Kwa hiyo wewe angalia palipo na majani magumu, ya kahawia. Mimi nitapima kwa miguu."

Wakaondoka, Baltazar akitaja njia, Marieta akikanyaga kwanza. Mara mbili ardhi ilikataa, wakarudi nyuma. Kisha mafuriko ya korongo yakafika. Maji ya baridi yaliwapanda magotini, mapajani, kifuani. Baltazar akaitupa bunduki, akamshika Marieta mkanda, wakasukumana hivyo hivyo hadi mkono wa Marieta ukagusa shina nene, kavu, la zamani. Ua wa babu.

Mzee Akonaay alikuwa pale na jirani yao Nikolausi, wameshika kamba.

"Shikamoo, baba," Marieta alisema, akielekeza uso kule alikosikia akihema.

Mzee alimsogelea. Alikuwa anatazama macho yale.

"Kaka Baltazar," Marieta alisema, "shamba letu linaishia hapa. Kule nilikokupeleka ni ziwa. Nilijua."

Baltazar alikaa chini kwenye mvua, miguu mitupu.

Hospitalini Haydom waliokoa jicho moja. Kiangazi kilipoingia, kwa jicho hilo, Marieta aling'oa minyaa ya ziwani shina kwa shina, akirudi nyuma kuelekea nyumbani. Baba yake alisimama ukingoni siku mbili. Siku ya tatu alishuka na jembe.