Pete Iliyopotea Kwenye Katuni

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imewasukuma watu wote ndani ya duka la kanda za video mjini Kericho. Kipkirui, fundi wa redio, alikuwa ameshika kanda ya katuni pale mkono mwingine ulipoidaka. Ulikuwa wa msichana mwenye sweta ya manjano na sketi nyeusi iliyolowa pindoni.

"Hiyo nimewekewa," alisema. "Molly Amolo. Uliza mwenye duka."

"Basi, Molly, tuiangalie pamoja. Niko na TV na deki kwa duka yangu hapo ng'ambo. Wateja wanaingia na kutoka, usiogope."

"Nani amesema naogopa?"

Katuni ilihusu dereva wa lori la taka, mkewe na watoto wao. Walicheka mpaka Molly akajifuta machozi. Kila Jumamosi wakawa wanashindana kutafuta makosa ya wachoraji: saa ya ukutani iliyorudi nyuma, mbwa mwenye miguu mitano. Katikati ya juma Kipkirui alikuwa akimpigia kutoka kibanda cha simu cha posta.

"Mpenzi, yule jirani ako na vidole sita."

"Umenipigia kazini juu ya vidole?"

"Na kusikia sauti yako."

Molly, karani katika shamba la chai nje ya mji, alirudi kwenye faili zake akitabasamu.

Kisha ikaja kanda ambayo pete ya mke inatoweka kidoleni.

"Wamesahau kuichora," alisema Kipkirui.

"Hapana. Ameitoa mwenyewe. Bwana yake hamuoni tena."

Siku hiyo duka la redio lilikuwa limejaa. Kipkirui akawageukia wateja. "Mnamsikia huyu? Mchoraji akilala, yeye anaona mapenzi."

Wakaangua kicheko. Molly alichukua mwavuli wake akatoka.

Tangu hapo kila Kipkirui alipopiga simu, alijibiwa na Sally wa ofisini: "Ametoka." Mwishowe Sally akamhurumia. "Ameomba uhamisho, Kisumu."

Kipkirui alirudi dukani. Akaiweka tena ile kanda, akawa anaisimamisha picha baada ya picha. Pete ile hapo, dirishani, kando ya sinki. Mume anapita karibu nayo mara nne bila kuiona. Mwishoni anaosha vyombo, anaipata, na mke anaivaa. Hakuna anayeitaja.

Hakuzima hata deki. Alipanda baiskeli, akakata katikati ya michai hadi ofisini, shati limemganda mgongoni.

"Ulisema ukweli. Pete iko dirishani."

"Sikukasirikia pete, Kipkirui. Nilikuambia kitu kutoka moyoni, ukawapa watu wacheke."

"Nisamehe."

"Ulinicheka mbele ya watu."

Jumamosi Kipkirui alisimama mbele ya wateja walewale, akasema alikosea na Molly ndiye aliyeona. Mmoja alicheka. Kipkirui akamngoja anyamaze, akayarudia yote. Molly, aliyekuwa mlangoni, akaingia kuketi kando yake.

Baadaye, chini ya mwavuli mmoja, Kipkirui alimwambia, "Nataka tuoane. Redio zinaharibika hata Kisumu. Nitahamia huko."

"Uhamisho walikataa."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka kusikia kama ungenifuata."

"Ningekufuata."

"Basi nifuate Ahero, kwa baba," alisema Molly, akimshika mkono. "Hapo ni karibu, lakini yeye ana maswali mengi."