Kilichobaki Ndani ya Kopo la Misumari

Kila siku akitoka shule, Sindano alipitia kwanza kwenye karakana ya mjomba wake, fundi makochi, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba yao. Aliweka begi juu ya sponji, akachukua sumaku iliyofungwa kamba na kuiburuta sakafuni kama anayempeleka mbuzi malishoni. Misumari yote iliyodondoka mchana kutwa iliirukia. Akimaliza, alitunga uzi kwenye sindano kubwa iliyopinda ya kushonea makochi. Jicho lake halikukosea tundu hata siku moja, na jina lake lilitokana na hilo.

"Bila wewe ningeshona kwa kupapasa," mjomba alimwambia. "Macho yangu yameshaomba likizo."

Mjomba alikuwa na ugonjwa wa akili uitwao baipola. Nyumbani kwao hilo halikuwa jambo la kunong'ona. Mama, dada mkubwa wa mjomba, alimweleza Sindano mapema kwamba kila mtu hufurahi na kuhuzunika, lakini mwenye ugonjwa huu hupanda juu kupita kiasi: halali, hanyamazi, hujiona anaweza kuhamisha mlima kwa koleo. Kisha hushuka chini, hata kuoga kukamshinda. Sindano alipokuwa darasa la pili, mjomba alilazwa hospitali kwa muda mrefu. Karakana ilifungwa kufuli na buibui wakajijengea mlangoni. Aliporudi alikuja na dawa. Tangu hapo aliimeza kila jioni baada ya kula, Mama na Bibi wakimwona, na maisha yakarudi kwenye mstari.

Basi mwenye ukumbi wa sherehe akaleta makochi yake yote yavalishwe vitambaa vipya. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Lakini siku hizo hizo mjomba alikuwa ameanza kupoa. Aligonga msumari mmoja, akaukodolea macho wa pili. Aliacha kupiga mluzi.

"Mjomba, unaumwa?" Sindano aliuliza.

"Hapana, mama. Mwili tu umekuwa mzito kama sponji iliyolowa. Utakauka."

Na kweli, juma lililofuata ulikauka. Sindano alimkuta mjomba amerudia mluzi wake, nyundo inalia kwa haraka, kochi zima limekamilika. Alifurahi mno. Akaketi kuchambua kopo la misumari kama kawaida: alitumbukiza sumaku, akainua, akaikung'uta juu ya gazeti, akatumbukiza tena, mpaka misumari ikaisha. Lakini kopo lilikuwa bado linacheza likitikiswa. Chini kulikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya karatasi ya kung'aa. Sumaku haikukivuta.

Alifungua. Vilikuwa vidonge vidogo.

"Mjomba, hii ndiyo dawa yako ya jioni? Mbona iko huku?"

Mjomba aliacha nyundo. "Lete hapa. Hivyo ni vya kuondoa usingizi, kanipa Turubo. Madereva wenzake humeza wakiwa na safari ndefu." Turubo alikuwa dereva wa lori, rafiki wa mjomba tangu utotoni. "Nimalize kazi hii tu, basi. Usimwambie mama yako, atanirudisha hospitali bure. Unataka karakana ifungwe tena?"

Sindano alikumbuka kufuli na buibui. "Sitaki."

"Basi hii ni siri ya mafundi. Wewe si fundi?"

"Ni fundi," alijibu, lakini jibu lenyewe lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kuanzia hapo mjomba hakupoa tena. Aliongea kama mvua juu ya mabati, mada moja haijaisha keshadandia nyingine. Alimwahidi jirani kochi lenye magurudumu. Asubuhi Mama alikuta kitanda chake hakijalaliwa. "Kaka, umelala wapi?" akauliza. Mjomba akacheka: "Kulala ni kazi ya wasio na kazi, dada!" Mama hakucheka. Kila jioni alihakikisha mwenyewe kwamba dawa imemezwa, kwa hiyo hakuelewa kilichompandisha tena.

Jumamosi, Mama na Sindano walirudi kutoka sokoni wakakuta makochi ya nyumbani yako uani, yamevuliwa nguo hadi mbao. Sponji zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya nguo. Viti viwili vya jirani navyo vilikuwa uchi. Katikati ya vurugu hiyo Bibi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkongojo mkononi.

"Nilipoolewa nilikalia kigoda," Bibi alisema. "Nilipozaa nikakalia mkeka. Leo nimezeeka nakalia ndoo. Mwanangu ananipandisha cheo!"

Mama alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mjomba alikuwa akizunguka na mkasi, shati limemganda kwa jasho, akieleza jinsi atakavyovalisha makochi ya mtaa mzima kabla ya jua kuzama.

"Kaka, twende kliniki."

"Kliniki? Mimi sijawahi kuwa mzima hivi!" Akageuka huku na huku. "Haya, nitakwenda, kuyaangalia mabenchi yao. Lakini Sindano aje."

Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyoshuka puani. Alimsikiliza mjomba, akampima mapigo ya moyo, akakunja uso. Kisha akamuuliza Mama kama dawa inamezwa.

"Kila siku, daktari. Namwona kwa macho yangu."

"Kuna kitu kingine anachotumia? Pombe? Vidonge vyovyote?"

"Hana tabia hiyo," Mama alijibu. Mjomba alikuwa ameinama, anakagua miguu ya benchi.

Daktari akashusha pumzi. "Kama anaimeza sawasawa na bado amepanda hivi, basi inaelekea dawa hii imeshindwa. Tuiache, tutafute nyingine."

Sindano aliinua kichwa. Waiache? Dawa iliyofungua kufuli la karakana? Alimtazama mjomba, na mjomba akamtazama. Siri ya mafundi. Ule mwiba wa kooni ukamchoma kuliko siku zote.

"Daktari," alisema, sauti ikimtoka nyembamba. "Dawa yake haijashindwa. Anameza na vidonge vingine, vya kuondoa usingizi. Viko kwenye kopo la misumari." Akaanza kulia. "Mjomba, nisamehe."

Mjomba alijiegemeza ukutani kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Sindano," alisema polepole, "umenichoma panapouma. Ni kweli, daktari. Nilikuwa nazama, na kazi ni nyingi. Nikatafuta cha kuniinua."

Daktari hakumgombeza. Alivua miwani akamgeukia Sindano, kwa kuwa alikuwa bado analia.

"Sikiliza, mwanangu. Vidonge vile huusukuma ubongo ukeshe na ukimbie. Mtu yeyote vitamdhuru. Lakini mwenye baipola ubongo wake tayari una mteremko mkali; ukimsukuma, hasimami. Dawa yake inamshika mkono huku, vidonge vinamvuta mkono kule. Na nguvu za vidonge zikiisha, humwangusha chini kuliko alipokuwa mwanzo, naye hutamani kumeza tena. Ndiyo maana mambo haya mawili yakikutana hufanya urafiki mbaya."

"Sasa mtamfungia?" Sindano aliuliza.

"Atalazwa kidogo, alale, mwili usafike, nasi tumwangalie. Dawa yake hatuiachi. Kama usingesema, ningeiondoa iliyo nzuri na kuacha adui ndani ya kopo."

Mjomba alipotoka hospitali alikuwa amechoka na mkimya. Kwa siku kadhaa aliketi tu mlangoni akiota jua. Turubo alikuja kumwona, kofia mkononi. "Wallahi nilidhani namsaidia," alimwambia Mama. "Sasa hata mimi naviogopa." Mama akamjibu, "Basi vitupe, nenda kliniki, na ukichoka egesha lori, ndugu yangu. Mzigo husubiri." Mwenye ukumbi naye, alipoambiwa fundi alikuwa mgonjwa, alikubali kuchukua makochi kidogo kidogo. Kumbe haraka yote ile hakuna aliyeidai.

Kochi la kwanza kuvalishwa lilikuwa la Bibi. Mjomba alilishona taratibu, Sindano akitunga uzi. Bibi alipolikalia alijitingisha mara mbili. "Ndoo ilikuwa ngumu," alisema, "lakini haikuhitaji fundi."

Wote walicheka, mjomba pia, na kicheko chake kilikuwa kile cha zamani, kisicho na mbio.

Mama alimvuta Sindano akamketisha karibu yake. "Ulinyamaza kwa kuwa unampenda mjomba wako, najua. Lakini siri inayomdhuru mtu si siri ya kutunza. Ukiiona, mwambie mtu mzima unayemwamini, hata sauti ikitetemeka. Na ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Hutibiwa kwa ukweli na kwa dawa aliyotoa daktari, si kwa vidonge vya kuokota kwa rafiki."

"Na mwenye kumwomba mtoto atunze siri kama ile," mjomba aliongeza, "ndiye wa kuomba msamaha. Nisamehe, mama."

Jioni, baada ya kumeza dawa yake mbele ya wote, mjomba alileta kopo la misumari akaliweka miguuni pa Sindano.

"Fundi, pitisha sumaku."

Sindano alitumbukiza, akainua, akakung'uta, mpaka msumari wa mwisho ukatoka. Akalitikisa kopo karibu na sikio.

Halikulia chochote.