Nyufa za Sakafu ya Mvule

Tangu shule zifungwe kwa sababu ya mapigano, Lamya alikuwa na ratiba ile ile kila siku. Asubuhi anafagia ghorofani, anampelekea baba yake chai dukani, kisha anarudi juu na kupiga magoti, kisu cha zamani mkononi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa maoni yake mwenyewe kazi ile ilimzidi umri.

Nyumba yao ilikuwa karibu na soko kuu la Bujumbura. Chini palikuwa na duka la vitambaa la baba yake, Majid. Juu waliishi Lamya, baba na Bibi Thuwaiba. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao za mvule. Mvule ni mti mgumu, mchwa hauwezi, lakini kila kiangazi mbao hukauka na kusinyaa, na nyufa hufunguka baina yake. Duka halikuwa na dari. Ukilala kifudifudi kule juu, uliweza kuiona kofia ya Baba ikizunguka kaunta, na Lamya alipokuwa mdogo aliwahi kuilenga kwa punje za maharagwe, akachapwa.

Kiangazi hicho cha mwaka 1995 hakuna aliyefanyia nyufa mzaha. Katika chumba kilicho juu ya kaunta walifichwa watu wawili: Daphrose, fundi cherehani aliyeshonea barazani pa duka kwa miaka mingi, na mwanawe Gaël, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Walikimbia mtaa wa Kamenge nyumba yao ilipochomwa. Na kila siku baada ya adhuhuri alikuja dukani kijana mmoja, Honoré, na wenzake wawili wenye marungu, wa genge lililowasaka waliokimbia Kamenge. Walipapasa vitambaa wasivyonunua, wakauliza kama Mzee Majid hajaficha mtu. Mbao zikidondosha vumbi, au mmoja wao akiinua macho na kuona kivuli kinapita, Daphrose na mtoto wasingeiona jioni.

Kwa hiyo Baba alimfundisha Lamya kuziba. Kwanza unakwangua uchafu wote mpaka chini, maana gundi haishiki juu ya vumbi. Halafu unachanganya unga wa mbao na gundi ya seremala, unaushindilia kwa kisu na kuuacha ukauke. Seremala wao, Léonce wa mtaa wa Cibitoke, hakuweza kuja. Barabara ilikuwa imefungwa.

Siku tatu Lamya alifanya kazi kwa moyo. Siku ya nne zikabaki nyufa sita uvunguni mwa kitanda cha Daphrose, zimejaa uchafu mkavu wa miaka na miaka. Vidole vilikuwa vimechubuka na gundi imekwisha. Hapo akakumbuka jinsi walivyogundisha majalada ya madaftari shuleni kwa uji mzito wa muhogo. Akapika kidogo, akaupaka juu ya uchafu bila kukwangua, kisha akausugua kwa machicha ya kahawa upate rangi. Ungepita usingeona tofauti, naye akajisifu kwa akili zake.

"Umekwangua zote, mpaka chini?" Baba akauliza.

"Ndiyo, baba. Zote."

Baba akamwamini, wala hakuinama kutazama. Lamya mwenyewe ndiye aliyempelekea Daphrose habari kwamba sasa mtoto anaweza kushuka kitandani. Gaël alikuwa amechoshwa na kitanda, analialia kutwa, na mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa uvunguni.

Siku ya pili yake Lamya alishuka na chai, akaona chembe nyeupe juu ya kitambaa cheusi kwenye kaunta. Uji ulikuwa umekauka na kupasuka, na kule juu Gaël alikuwa akitambaa. Akazipangusa kwa kiganja kabla Baba hajageuka. Zikaanguka nyingine, akapangusa tena. Angeweza kunyamaza na kuziba upya kesho, asijue mtu. Aibu ndiyo iliyomwogopesha. Baba hakuwahi kumshuku hata siku moja. Lakini adhuhuri ilikwisha kuadhiniwa, na sauti ya Honoré ilikuwa ikisikika kwa muuza sigara, mlango wa tatu tu kutoka pale.

"Baba, nilikudanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Zile za chini ya kitanda sikukwangua. Nilipaka uji wa muhogo, na sasa iko naanguka."

Majid alitazama kaunta, kisha akatazama juu. Hakumpiga wala hakumuuliza kwa nini. Alimwambia ashike ncha ya jora la kitenge, lile pana. Wauza vitambaa wana desturi ya kutundika vitambaa vipya kwenye boriti Maulidi inapokaribia, ili wapita njia wavione. Maulidi ilikuwa bado wiki mbili. Majid alipanda juu ya kaunta na viatu vyake, jambo ambalo Lamya hakuwahi kuliona, wakakitundika kitenge chini ya nyufa zile. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka, Honoré akaingia.

Alitaka kujua kuna sherehe gani. Majid akajibu kwamba Maulidi iko karibu. Honoré akasimama chini ya kitenge, akashika ukingo wake. Hapo kitu kikadondoka juu ya kitambaa, kikafuatwa na kingine. Lamya alivisikia vyote viwili. Honoré akainua uso.

"Juu iko nani?"

"Mama yangu," alisema Majid.

Bibi Thuwaiba, ambaye masikio yake hayakuzeeka, alianza kutembea kwa kishindo na mkongojo wake, akimwita Lamya kwa ukali amletee chai. Lamya akaitika. Honoré akasikiliza kidogo, akaachia ukingo wa kitenge, akaondoka na wenzake.

Majid alikaa chini. "Panda juu," alisema. "Mwambie Mama Gaël we mwenyewe."

Lamya aliona heri angechapwa. Alimweleza Daphrose yote huku akilia. Daphrose alimkumbatia mwanawe.

"Mi nilimuacha mutoto acheze pale kwa sababu we uliniambia ni pazuri," alisema.

Alasiri walifunga duka, wakasogeza kitanda. Lamya alikwangua nyufa zote sita mpaka akakiona kitenge chini. Gundi haikuwepo, kwa hiyo Majid alivunja fimbo yake ya kupimia vitambaa, akaichonga vipande vyembamba, wakavigongelea nyufani kimoja kimoja. Daphrose ndiye aliyekagua, akipitisha ukucha juu ya kila ufa. Haikudondoka hata chembe.

Siku nne baadaye, Daphrose na Gaël walisafiri kwa lori la rafiki wa Majid, katikati ya majora, wakafika Uvira, ng'ambo ya mpaka, salama. Habari hiyo ilipowafikia ndipo Lamya alipothubutu kumuuliza Baba kama amemsamehe.

"Nilikusamehe siku ile ile," Majid alijibu. "Honoré nilimuficha ukweli ili mutu apone, na Mungu ndiye ataniuliza. Lakini sisi wa nyumba moja tukifichana, tutajilinda namna gani? Ufa yenye naiona, mwanangu, nitajilinda nayo. Ile yenye uliniambia imezibwa, ndiyo ingetumaliza. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Tutaifanya wawili."