Moto Chini ya Fuso

Jumamosi, saa 10:00 jioni. Sumbawanga, chumba cha nyuma, kilabuni kwa Scola.

Nestory alipanga mezani, kwa heshima ya padri altareni, bonge la makaa ya mawe, chupa ya dizeli na chupa ya petroli. Mtungi wa gesi ulibaki sakafuni kwa sababu ya uzito wake.

"Makaa ya mawe ni kifuniko. Dizeli ndiyo mali. Gesi hatubebi. Petroli..." Akaimwaga dirishani. "Hatugusi."

Mwaka jana petroli ilimuunguza kaka yake, Cornelius, wakiwa kwenye kazi kama hii. Nestory alikimbia. Tangu hapo, akifumba macho, husikia akiitwa.

"Na shemeji yako ndiye dereva?" Wilibrodi, mwenzao wa tatu, alimtazama Jovina, mjane wa Cornelius.

"Wewe leseni unayo?" Jovina aliuliza. "Basi funga bakuli."

Jumapili, saa 12:10 asubuhi. Mollo, yadi ya mkandarasi.

Mlinzi alikuwa misa ya kwanza, akiwaombea wakosefu. Jovina alizima lori lao, Fuso. Nestory alilinda geti. Wilibrodi, peke yake, alivuta mafuta kwa mpira, akajaza madumu, akayafunika kwa viroba vya makaa ya mawe.

Saa 12:40.

Fuso likagoma kuwaka. Hakuna aliyeshangaa. Asubuhi za baridi za Julai, madereva wa Ufipa hupasha injini ya dizeli kwa jiko la mkaa. Jovina alikuja nalo, limeshakolea. Akalala chali, akalisukuma chini ya injini.

Saa 12:42.

Wilibrodi alirudi nyuma hatua moja. Tatu. Kisha mbio.

Nestory, sasa ubavuni mwa Fuso, aliangaza macho akitafuta polisi. Hakuna. Tone likamdondokea begani kutoka kwenye dumu linalovuja. Akanusa petroli. Cornelius.

"Wili! Umejaza nini?"

"Bodaboda wananunua fasta, mshikaji!" Sauti ilitoka ndani ya ukungu.

"Shemeji, toka!"

"Subiri, haijapata moto."

Miguu ya Nestory iligeuka kukimbia, ilishazoea. Akailazimisha kupiga magoti. Akashika vifundo vya miguu ya Jovina, akavuta. Walikuwa mtaroni Fuso lilipolipuka.

Saa 12:55.

Makaa ya mawe yaliwaka taratibu, kwa adabu. Waumini walikuja mbio, mlinzi mbele, polisi nyuma yao.

"Kimbia, shemeji," Jovina alisema. "Mimi mguu umeteguka."

Nestory alimfunika koti, akakaa.

"Mlikuwa wangapi?" askari aliuliza, pingu mkononi.

"Watatu," alijibu Jovina. "Huyo mwingine anaitwa Wilibrodi. Anakaa nyuma ya soko." Akalitamka jina hilo tena, polepole, askari aandike vizuri.