Bi Lovina Kwenye Orodha ya Marehemu

Kila Alhamisi alasiri Tamsin Haskell alishuka kwenye basi la shule, akapiga buti zake kizingitini mwa ofisi ya kanisa kukung'uta theluji, akala mkate na siagi akiwa amesimama, kisha akaketi mbele ya kompyuta kama waziri anayesubiri taarifa za nchi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa matangazo. Makanisa matatu ya Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, katika ghuba yetu yalikuwa na kasisi mmoja, Mama Kasisi Corliss, na jarida moja lililotumwa kila Ijumaa asubuhi. Humo ulikuta kila kitu. Jumamosi kutakuwa na chakula cha maharage ukumbini kwa Mtakatifu Barnaba. Glavu moja ya kijani imeokotwa benchi la nyuma. Askofu atakuja mwezi wa tano, wanaotaka kipaimara wajiandikishe. Paa la Mtakatifu Anna bado linavuja, ila sasa linavuja mahali pengine.

Chini kabisa ya ukurasa zilikaa orodha mbili za majina: wagonjwa wa kuombewa, na waliolala katika Bwana. Hizo ndizo watu walizozisoma kwanza, hata kabla ya kuvaa miwani vizuri.

Alhamisi hiyo simu ililia saa kumi kasorobo. Alikuwa Mzee Otis Merrow wa Mtakatifu Barnaba, ng'ambo ya ghuba. Tangu mkewe afariki na boti yake iuzwe, Mzee Otis alibakiwa na kazi moja tu duniani: kupiga simu kila Alhamisi na kutoa habari za kanisa lake. Aliziandika nyuma ya bahasha na kuzisoma kama mtangazaji wa redio.

"Mhariri mkuu, hujambo?"

"Sijambo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Shika kalamu. Kwanza, maharage, saa kumi na moja kamili, na wasije saa kumi kunusa nusa jikoni. Pili, Lovina Beal, mtoe kwenye wagonjwa."

"Nimtoe?"

"Mtoe. Tatu... Wee! Wee mbwa! Lete kiatu hicho!"

Simu ikakatika.

Tamsin alibaki akilitazama jina la Bi Lovina. Huyu alikuwa mpiga kinanda wetu, mwenye miaka themanini na minne, aliyevunjika nyonga kabla ya Krismasi. Katika mwaka mzima wa kazi yake, Tamsin alikuwa ametoa majina matano kwenye orodha ya wagonjwa. Wanne walishuka orodha ya chini. Wa tano alihamia Florida, kwenye joto, kama wazee wengi wanavyofanya. Bi Lovina hakuwa mtu wa Florida.

Kasisi alikuwa amemwekea sheria moja: ukibadilisha jina, piga simu nyumbani kwa mwenyewe kwanza. Tamsin aliitazama simu. Kisha akatazama dirishani, akaona wenzake wakielekea bwawani, viatu vya kutelezea barafuni vimening'inia shingoni.

Basi akamhamisha Bi Lovina orodha ya chini. Hata akaongeza maneno: "Kwa majonzi makubwa, mpiga kinanda wetu mpendwa kwa miaka arobaini." Aliyasoma mara mbili, yakamliza kidogo kwa uzuri wake. Kisha akaenda bwawani.

Ijumaa asubuhi jarida likatoka. Kasisi alikuwa mjini kwenye mkutano kwa askofu, na hakulisoma kwanza kwa sababu alimwamini mhariri wake.

Sasa, kwetu mtu akifariki, hakuna anayekwenda nyumbani kwake mikono mitupu. Unabeba bakuli la chakula cha moto lililofunikwa foili, na chini yake unabandika selotepu yenye jina lako ili bakuli lirudi. Mimi nilikuwa wa tatu kufika, nikiwa na tambi zangu za jibini na uso wangu wa msiba. Nikabisha. Mlango ukafunguliwa na marehemu.

"Unakodoa nini?" alisema Bi Lovina, ameegemea fimbo yake. "Ingia, unaniletea baridi. Ni tambi hizo?"

"Ni... ndiyo, tambi."

"Ziweke pale, karibu na tambi nyingine. Watu wa ghuba hii hata mtu akifa hawana jipya la kupika."

Juzi yake daktari alikuwa amemwambia nyonga imepona. Ndiyo maana alitolewa kwenye wagonjwa. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa amepokea mabakuli kumi na moja, na alikuwa akicheka mpaka fimbo inatetemeka.

Lakini si wote waliocheka. Posta na dukani habari ilikuwa moja tu: Mzee Otis amechoka sasa. Si ndiye aliyetangaza ubatizo wa mwaka jana kama wa mwezi ujao? Apumzishwe, maskini. Kazi hiyo apewe mtu mwenye kumbukumbu.

Alasiri hiyo Kasisi Corliss alimpigia Tamsin simu nyumbani.

"Tamsin, nimezungumza na Mzee Otis. Ile bahasha yake ameitupa motoni, na hakumbuki vizuri alisemaje. Anadhani kichwa chake kimeanza kumtoka. Ameniambia Jumapili atasimama kanisani aombe radhi, kisha aiache kazi. Wewe uliandika kama alivyokuambia, sivyo?"

Hapo palikuwa pa kusema neno moja tu. Tamsin alisema lingine.

"Ndi... ndiyo, Mama Kasisi."

Jumamosi aliamka hana hamu ya kitu. Baba yake alikuwa bandani akishona mitego ya kambakoche, kama wavuvi wetu wanavyofanya majira yote ya baridi.

"Mbona umejikunja kama paka aliyetumbukia kisimani?" baba aliuliza. "Barafu ya bwawa imepasuka?"

"Hapana."

"Basi ni chakula cha mama yako. Usiogope, sitamwambia."

Tamsin hakucheka. Akalia, na katika kulia akayamwaga yote: bwawa, simu asiyoipiga, na ile "ndiyo" aliyomwambia Kasisi. Baba aliweka sindano yake chini. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Kwa hiyo kuna mzee ng'ambo ile anayeamini akili yake inaharibika," alisema polepole, "na dawa yake iko kinywani mwako."

"Tumpigie simu sasa hivi, baba."

Walipiga mara nne. Mzee Otis hakupokea. Tangu jana alikuwa amechoka kusikiliza pole za watu.

"Hata hivyo, simu peke yake isingetosha," baba alisema. "Uliutangaza uongo huo kwa ghuba nzima. Huwezi kuufuta kwa kunong'ona."

Jumapili ile ilikuwa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo makanisa yote matatu husali pamoja kwa Mtakatifu Anna. Bi Lovina alikuwa kwenye kinanda, amevaa kofia nyekundu ili, kwa maneno yake, asije akazikwa kwa bahati mbaya. Watu walijaa. Mzee Otis alikuwa amekaa benchi la mwisho, yeye ambaye hukaa la pili daima.

Kabla ya wimbo wa kufunga, Kasisi akasema, "Matangazo."

Mzee Otis akaanza kunyanyuka, akijishika kwenye benchi la mbele, karatasi yake ya kuomba radhi mkononi. Tamsin aliruka kama aliyekalia sindano.

"Mama Kasisi, nina matangazo mawili!" Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "La kwanza. Bi Lovina Beal hajafa."

"Ahsante, mwanangu," Bi Lovina alijibu kutoka kwenye kinanda. "Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi."

Kanisa zima likaangua kicheko. Tamsin alingoja kiishe, na kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kusema.

"La pili. Mzee Otis hakukosea. Aliniambia nimtoe Bi Lovina kwenye wagonjwa, basi. Mimi ndiye niliyemweka kwa marehemu. Sikupiga simu kuuliza kwa sababu nilitaka kwenda kuteleza bwawani. Na Mama Kasisi aliponiuliza, nilimdanganya."

Sasa hakuna aliyecheka. Wale wa posta na dukani waliona ghafla kwamba vitabu vyao vya nyimbo vina mambo mengi ya kusoma. Nami nilikisoma changu.

"Nilisema 'mtoe' tu?" Mzee Otis aliuliza kutoka nyuma.

"Ulisema 'mtoe' tu, babu."

Mzee alikaa chini taratibu. "Siku mbili," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "nimekuwa nikiamka na kujiuliza kama bado najua jina langu." Kisha akaikunja ile karatasi, akairarua vipande vinne.

Baada ya ibada tulikula ukumbini yale mabakuli kumi na moja, maana Bi Lovina aliyaleta yote. Kasisi alimwita Tamsin kando, ingawa si kando sana, kwani tulisikia.

"Kosa la Alhamisi ningelisahau kabla ya kahawa kupoa," alimwambia. "Ile 'ndiyo' ya Ijumaa ndiyo iliyomuumiza mtu. Kazi yako utaendelea nayo. Lakini mabakuli haya utayaosha, kila moja utalirudisha kwa mwenyewe, na kila mlangoni utaeleza wewe kwa kinywa chako lilifikaje kwa Bi Lovina."

Aliyaosha. Aliyembeba kwenye gari lake la mizigo alikuwa Mzee Otis mwenyewe; alijitolea, na hakukubali kukatazwa. Mlango wa kwanza Tamsin alizungumza na mkeka wa mlangoni. Kwangu ulikuwa mlango wa tisa, na aliniangalia machoni. Nilimwambia ahsante, na kwamba hata mimi nilimsema vibaya mzee posta, kwa hiyo tuko wawili. Nikatoka nje nikamwambia Mzee Otis hivyo hivyo.

Walipomaliza mlango wa kumi na moja, mzee hakuwasha gari mara moja.

"Wa kwanza ulikuwaje?"

"Nilitamani ardhi inimeze, babu."

"Na huu wa mwisho?"

Tamsin alifikiri. "Nilisikia baridi miguuni tu."

Mzee Otis akatikisa kichwa, akawasha gari. "Mjukuu wangu, ungesema Ijumaa, ungebisha mlango mmoja tu, tena kwa simu. Ukweli una tabia hiyo. Kadiri unavyouchelewesha, ndivyo milango inavyoongezeka."