Nani Anapiga Kinanda Changu?

“Nani anapiga kinanda changu?”

Sauti ya mwanamke ilitangulia mlangoni, mwenyewe akafuata. Fundi mitambo alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya studio, waya mmoja mdomoni, mwingine shingoni. Aliinuka kwa pupa, akagonga kichwa.

“Vidole!”

“Usiniite Vidole. Nimeuliza, yuko wapi?”

Bendi nzima ilimwita Vidole, kwa jinsi alivyokuwa akikiliza kinanda. Hiyo ilikuwa kabla ya ajali ya pikipiki iliyomwachia mkono wa kushoto kama wa kuazima: upo, lakini hausikii amri. Akiwa bado hospitalini, alimtumia mchumba wake, fundi huyuhuyu, ujumbe: “Tafuta mwanamke mzima. Sitaki kuolewa kwa huruma.” Kisha akamfungia simu. Ikapita miezi minne. Asubuhi hiyo mwimbaji wa bendi akamwandikia: “Shoga, nimepita studio. Kinanda kinalia vilevile ulivyokuwa ukipiga wewe! Fundi wako kapata mtu. Nenda kajionee.”

Kweli, tangu kwenye ngazi alizisikia besi zake, zile alizozitunga kwa mkono huohuo uliokufa. Wivu ukampandisha ngazi mbio.

“Hakuna mtu,” fundi alisema. “Tazama.”

Kiti kilikuwa kitupu. Besi bado zilikuwa zinalia.

“Umenirekodi?”

“Sikurekodi sauti. Nilirekodi vidole. Ulipokuwa ukifanya mazoezi, kompyuta iliandika kila kibonye ulichobonyeza, kwa nguvu gani, na ulikiachia lini. Midi ndiyo hiyo, siyo sauti, ni maagizo. Leo nakirudishia kinanda maagizo yale, nione kama njia iko wazi.”

“Njia ya kutoka wapi?”

Fundi akazizima besi zile, akavuta ubao kutoka chini ya meza. Ulikuwa na kanyagio kumi na tatu za mbao, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa.

“Miguuni mwako.”

Vidole aliutazama ule ubao, akapitisha kidole juu ya kanyagio moja. Lakini ubishi haukumwisha.

“Kwa hiyo umenihurumia.”

“Nikuhurumie? Mwenye huruma angekuletea maua. Mimi tazama haya malengelenge ya mikononi! Wamekuja wapiga kinanda wawili hapa, wazuri tu. Wanapiga kama wao. Mimi namtaka anayepiga kama wewe.”

“Mbona hukuniambia?”

“Kwa simu ipi, mama? Si umenifungia? Nimekuwa nampigia mama yako kila Jumapili. Ananiambia, ‘Mwanangu, huyo mkaidi kama baba yake. Usimfuate, mngoje.’”

“Mama alijua?”

“Urefu wa mguu wako ningeupata wapi?”

Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Akavua viatu, akakaa, akakanyaga.

Kimya.

Akakanyaga tena. Kimya vilevile. Jasho likamtoka fundi. Akachomoa waya, akachomeka.

“Jana zilikuwa zinalia, haki ya Mungu!”

Vidole alikuwa ameinamia kompyuta.

“Kanyagio zinatuma kwa chaneli ya ngapi?”

“Ya pili.”

“Na programu inasikiliza ya ngapi?”

Fundi alitazama, akashika kiuno.

“Ya kwanza. Nimeibadili asubuhi kwa ajili ya kinanda.”

“Miezi minne unachonga mbao, unashindwa na namba moja!”

Wakabadili. Akakanyaga, besi nzito ikatikisa kioo cha dirisha. Lakini mguu ukishuka, sauti ilikuja nyuma yake, kama mtu aliyechelewa kuamka.

“Inachelewa.”

“Kompyuta inalimbikiza sauti nyingi kabla ya kuzitoa. Ngoja niipunguzie.”

Akashusha kiasi hicho kidogo kidogo, mpaka mguu na spika vikaenda pamoja. Vidole akaweka mkono wa kulia juu ya kinanda. Mara ya kwanza akajichanganya. Mara ya pili akasonya. Mara ya tano wimbo wake ukatoka mzima, juu kwa mkono, chini kwa miguu. Akaendelea kupiga huku machozi yakimchuruzika, na pumzi ndefu ikamtoka, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni.

“Bado unanitaka?” aliuliza bila kugeuka.

“Wewe unaonaje?”

“Nataka kusikia kwa kinywa chako.”

“Nakutaka. Na ukaidi wako wote, na mama yako juu.”

“Basi mpigie. Mwambie atafute mshonaji.”

Walioana miezi mitatu baada ya hapo. Bibi harusi alipiga kinanda mwenyewe, peku, gauni kalikusanya magotini, shangazi zake wakiziba nyuso kwa aibu. Katikati ya wimbo akakosea. Kabla hajababaika, mama yake akasimama kwenye kiti cha mbele.

“Kanyaga, mwanangu! Kanyaga!”

Ukumbi mzima ukainuka kucheza.